Yuko Msituni

Mute, 29 Novemba

Mvua bado. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanavuka mpaka, yanakwenda zao Tanzania. Nimepalilia mihogo mpaka mgongo ukakataa, nikarudi.

Naandika kwa sababu shangazi yangu alikufa ukimbizini Metuge bila kuacha mstari hata mmoja, naye ndiye aliyekuwa nyakanga wa hapa, mkubwa wa unyago, wa kuwapeleka mabinti msituni wakafundwe. Siri za huko sitaziandika, nani kaniroga? Lakini ya pembeni nitayaandika. Mwaka huu nyakanga ni mimi, Atija, mwenye mdomo mkubwa na magoti mabovu. Tangu vita vianze hakuna binti aliyechezwa unyago hapa kijijini Mute. Nimeapa likizo hii wataingia, mvua inyeshe isinyeshe.

2 Desemba

Nimewaita akina mama. Tumekaa barazani kwangu, chai, mihogo ya kuchemsha, maneno mengi. Wote wanataka, wote wanaogopa. Mwisho wakamgeukia Madalena.

Madalena ni jirani yangu, Mmakonde wa Mueda, Mkristo, lakini hapa mabinti wao na wetu wamechezwa pamoja tangu enzi za bibi zetu. Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa, Emerson, alikwenda kuokota kuni mwaka ule kijiji kilipochomwa, wakamchukua wale waasi tunaowaita watu wa msituni. Hakurudi, wala hakuletwa maiti, wala habari. Amebaki Nélia, na Nélia ndiye wa kuchezwa mwaka huu.

Akasema, "Mtoto wangu mmoja msitu umeshamchukua. Wa pili siupelekei kwa mkono wangu."

Basi wenzake wote wakaweka vikombe chini. Wakasema, kama Madalena hampeleki wake, na sisi tutafikiri, dada Atija. Nikawaka. Nikamwambia Madalena ni mwoga, anataka kumweka mtoto ndani ya sufuria afunike. Aliondoka hakuaga.

Zamani mtu akisema binti yake yuko msituni, watu walitabasamu, walijua yumo unyagoni. Siku hizi ukisema fulani yuko msituni watu wanageuka nyuma kutazama nani amesikia. Wametuchomea nyumba, na neno letu wakalichukua.

5 Desemba

Imenyesha! Kuku mmoja kafa maji, mjinga.

8 Desemba

Leo nimegombana na mpangaji wangu. Ni mwalimu wa shule hapa, Flávia, mtu wa Inhambane, yuko peke yake, mpole, anakula wali kwa kijiko hata samaki akiwa na miba. Chumba chake kinavuja, nikaingia kuweka ndoo. Macho yakaenda ukutani.

Kuna picha. Karatasi rangi ya chai ya maziwa ndani ya fremu, mistari myeusi myembamba, hakuna rangi. Miti mirefu imesimama karibu karibu. Chini yake wanawake wamejifunga shuka. Mmoja kakaa kakunja miguu, mmoja kasimama kashika tawi, wawili wameinamiana wanaambizana jambo. Na katikati, Mungu wangu, mmoja kajifunika gubigubi, kainamisha kichwa, wenzake wamemzunguka.

Nilipiga kelele mpaka Flávia akaja mbio na povu la sabuni mikononi.

"Nani kakupa hii?"

"Ya marehemu baba, mamã Atija. Alifanya kazi ya kupiga chapa Beira. Ni gravura, picha ya kupigwa chapa, ya zamani sana, ya Ulaya, ina miaka mia na zaidi."

"Ulaya wapi! Huu unyago! Nani katoa siri nje? Na wewe hujachezwa, unaning'iniza ukutani, wanaume wanapita dirishani!"

Akaniambia hao ni watu tu, wametoka kupumzika porini, huko Ulaya wachoraji walipenda kuchora hivyo. Nikamwambia mtu hapumziki kwa kufunikwa kichwa akazungukwa na wenzake. Nikamwamuru aigeuze. Akaigeuza, akarudi kufua. Nimekaa na hasira mpaka magharibi, na sasa naona nilimpigia kelele yatima kwa ajili ya kitu cha baba yake.

9 Desemba

Nimempelekea Flávia maandazi. Amekula kwa kijiko. Tumecheka.

12 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Nimeomba niione tena ile picha. Flávia akanieleza inavyofanywa. Wanachukua bamba la shaba, wanalipaka nta, wanaikwaruza ile nta kwa sindano. Kisha bamba linatiwa kwenye dawa kali, dawa inakula pale tu palipokwaruzwa. Wino unaingia kwenye majeraha, karatasi inakandamizwa juu.

Wakati huo Madalena alikuwa kaja kuomba moto, maana kuni zake zimelowa. Haongei na mimi tangu siku ile, anaomba moto kwa Flávia aliye kwenye nyumba yangu! Akasikia maneno hayo, akaingia.

"Hiyo ni chale," akasema. "Bibi yangu alichanjwa uso hivyohivyo. Wanakata, wanapaka masizi, inabaki. Huko kwao wanaichanja shaba."

Akaichukua picha akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akaitazama muda mrefu, moto aliopewa unazimika mkononi. Kidole chake kikawa kinapita nyuma ya kila mti, mti mmoja baada ya mwingine. Nilidhani anatazama ufundi. Kumbe alikuwa anatafuta.

"Hakuna wanaume humu," akasema.

"Hakuna," Flávia akamjibu.

"Hata nyuma huku, penye giza?"

"Hata huko, mamã. Wanawake tu."

Akanirudishia picha mimi, si Flávia. Akasema, "Dada Atija, msitu wako ukiwa hivi, nitamleta Nélia. Lakini mimi siingii. Nitaishia barabarani." Akaenda zake na moto wake uliokufa, ikabidi Flávia amkimbilie na kaa jingine. Mimi nilikaa kwenye ndoo nikalia. Nimemwita mwoga mbele za watu, na yeye kumbe kila siku anapita nyuma ya kila mti kwa macho.

15 Desemba

Akina mama wote wamekubali. Nimesafisha njia na makungwi wangu wawili. Nyoka mmoja, mdogo.

20 Desemba

Wameingia. Ngoma, vigelegele, mvua ya rasharasha, baraka tupu. Madalena alimshika Nélia mkono mpaka mwisho wa barabara, akanikabidhi. Nélia machozi yalikuwa yanamlenga, nikamwambia, "Ukilia sasa utabakiwa na machozi gani ya siku ya kutoka?" Akacheka kidogo.

Flávia alitaka kutusindikiza. Nikamwambia hujachezwa, wewe kwetu ni mtoto ingawa una miaka thelathini na cheti. Alinuna. Nimemwahidi siku ya kutoka atacheza mpaka achoke.

25 Desemba

Noeli. Wakristo wametuletea wali wa nazi, wameuacha barabarani. Tumekula sisi na mabinti, Waislamu na Wakristo, tukaramba vidole.

31 Desemba

Jua kali. Mafunzo yanakwenda. Nélia ana akili, ananiuliza maswali mpaka usiku.

4 Januari

Leo ni siku ya kuandika.

Jacinto, mume wa Madalena, alikwenda Palma asubuhi kutafuta chakula cha mabinti: unga, chumvi, samaki wakavu. Kazi hiyo ni ya baba wa mwali, analeta, anaweka barabarani, haulizi. Kurudi, akasimamishwa na askari wa serikali kwenye kizuizi chao cha barabarani. Wakamuuliza watu wa nyumbani mwake. Watoto wangapi? Wawili. Wako wapi? Jacinto, mtu wa kweli, akajibu kama anavyojibu baba yeyote wa Mute mwezi huu:

"Wa kwanza alichukuliwa. Wa pili yuko msituni."

Mfasiri wao akageuza kwa Kireno: está no mato. Basi! Kijana wa kwanza kachukuliwa na watu wa msituni, wa pili yuko msituni, na baba ana gunia la unga begani. Unampelekea nani, mzee? Jacinto akafunga mdomo. Mwanamume hataji unyago, na Jacinto ana adabu zake. Wakauliza tena, akanyamaza tena. Kila alivyonyamaza ndivyo alivyozidi kuwa mkosaji. Wakamkalisha chini kibandani, na mkubwa wao akasema mchana wataingia msituni wenyewe kuona unga unakokwenda.

Aiuba, muuza samaki, alikuwa pale na baiskeli yake. Akakanyaga mpaka kwa Madalena.

Mimi nilikuwa ndani na mabinti. Nikasikia sauti inaniita kutoka mbali, "Atija! Atija wee!" Nikatoka nikamkuta Madalena kwenye ukingo wa miti, miguu imesimama pale lami inapoishia, hata ncha ya kidole haijavuka. Nikamfokea, "Si uingie useme!" Akasema hawezi, miguu inakataa. Kisha akanieleza.

Niliona picha moja tu kichwani: askari na bunduki zao wanatokea katikati ya miti, na mabinti wanakimbia. Na mtu anayekimbia msituni siku hizi, nani atamuuliza jina kwanza? Nikawaambia makungwi wawakusanye mabinti, waimbe kwa sauti ya chini, wasitoke. Nikaenda kwa Flávia.

"Twende kizuizini. Wewe ndiye mdomo wangu wa Kireno."

"Nitawaambia nini, mamã? Nikiwaambia ni sherehe ya mabinti..."

"Usithubutu! Mwanamume haambiwi."

"Basi tutasema nini?"

Nikasimama katikati ya ua kama mwehu. Nikisema, nimeuvunja unyago kwa mdomo wangu, mwaka wangu wa kwanza. Nisiposema, wataingia. Ndipo nikasema, "Lete ile picha. Ifunge kwenye kapulana yangu ya kujifunga."

Mkubwa wao ni sarjento, jina lake Jerónimo, mtu mnene kidogo, jicho moja jekundu kwa vumbi. Hakuwa mbaya. Alitupa benchi tukae. Jacinto alikuwa kibandani kainamisha kichwa, hakututazama.

"Mama, nani yuko huko ndani?"

"Wanawake," nikasema, Flávia akageuza.

"Wanafanya nini?"

"Mambo ya wanawake."

Vijana wake wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Wanawake wana nyumba. Kwa nini wafanye mambo yao no mato, mahali pale pale ambapo watu wangu wamekufa?"

Ni swali la haki. Sikuwa na jibu ninaloruhusiwa kulitoa. Nikaifungua kapulana, nikamwekea picha mezani, mikono yangu yote miwili juu ya fremu.

Aliinama. Akatazama miti kwanza, kama askari, huku na huku. Kisha akawatazama wale wawili walioinamiana. Kisha yule wa katikati, aliyefunikwa. Akanyooka upesi, akavua kofia yake, akaigeuza picha kifudifudi mezani kwa mkono wake mwenyewe. Uso wake umekuwa wa mtoto aliyefungua mlango usiofaa.

"Mwali?" akaniuliza. Si kwa Kireno. Kumbe ni Mmakua wa Namapa, na kwao neno ni hilo hilo.

Nilitazama chini, kama mtu mzima anavyotazama chini.

"Dada zangu wanne," akasema polepole. "Mama alikuwa anatufukuza nyumbani tukalale kwa mjomba. Mamã, kwa nini unanionyesha? Mimi mwanamume."

"Wewe ndiye uliyetaka kuingia, chefe."

Akafuta jasho. Akawageukia vijana wake, wamesimama wanasubiri mzaha. "Nani anacheka? Mtoeni yule mzee. Mrudishieni gunia lake." Jacinto alipotoka, sarjento alimpa maji na kumwita baba. Akaniuliza njia ya kuingilia iko upande gani, nisimwambie mahali, upande tu. Nikaonyesha kwa kidevu. Akasema kuanzia leo watu wake watakaa barabarani mpaka mabinti watoke, na watageuzia mgongo upande huo, na atakayegeuza shingo atamfahamu yeye.

Tulipokuwa tunaifunga picha akamwita Flávia. "Senhora professora, aliyechora haya alikuwa mwanamume?"

"Sijui, chefe. Nadhani ndiyo."

"Basi hakuwa na adabu," akasema. "Lakini mkono anao."

Njiani Flávia alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka. Niliwaza kama shangazi angenisamehe. Sikufungua mdomo, ni kweli, lakini nimefungua kapulana. Jacinto, aliyekuwa mbele yetu na gunia lake, akasema bila kugeuka, "Shemeji, sikuona kitu. Nilikuwa nimefumba macho." Mungu amlipe.

6 Januari

Mvua kubwa. Askari wawili wamekaa barabarani chini ya turubai, wametupa mgongo kweli. Mmoja anapiga mluzi wimbo wetu, kausikia kwa mbali. Nimemtuma kungwi akamnyamazishe.

9 Januari

Madalena anakuja kila siku mpaka mwisho wa lami. Anasimama, ananisubiri, ananiuliza Nélia kala nini. Simfokei tena. Leo nimeketi naye kwenye mawe. Nikamuuliza kinachomwuma zaidi ni nini, nikatarajia aseme hajui kama kijana yu hai au kafa. Akasema, "Tulipokimbia, tulipita msitu huuhuu. Nilikuwa nimemshika Nélia mkono. Niliogopa kuita. Ningemwita Emerson, wale watu wangetusikia sote. Nikapita kimya kama mwizi, na mwanangu labda alikuwa nyuma ya mti ananisikiliza."

Nilimshika mkono.

13 Januari

Magoti. Hakuna la kuandika ila magoti.

18 Januari

Leo wametoka.

Desturi ni hii: asubuhi mama za mabinti wanaingia kuwachukua watoto wao, wanakuja na kapulana mpya na mafuta, wanaimba. Nyakanga anatangulia, hakuna wa kupita mbele yake. Madalena alishanipa kapulana ya Nélia nimpelekee, ya manjano, imekunjwa vizuri, kwa sababu yeye ataishia barabarani. Nilikuwa nimeiweka kifuani.

Barabarani palikuwa na watu kama sokoni. Flávia kavaa leso mbili, kapaka msiro mweupe uso mzima, hajui hata neno la kwanza la wimbo lakini anaimba. Sarjento Jerónimo kawapanga vijana wake ng'ambo ya lami, migongo huku, kofia mkononi.

Nikaanza wimbo. Akina mama wakaitikia. Tukafika lami inapoishia, nikasikia nyuma yangu sauti moja imekatika. Nikageuka. Madalena kasimama pale pale pake. Nilitaka kusema neno la kumtia moyo, nikajizuia, nilijua kwa mdomo wangu litatoka kombo. Tukasubiri wote. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye majani.

Akavua viatu. Akaweka mguu mmoja kwenye majani, kisha wa pili. Akaja mpaka nilipo, akanipita, akasimama penye miti mingi, pale mwanga unapopungua. Akajaza kifua.

"Emerson!"

Sijawahi kusikia sauti ile kwake. Ndege waliruka. Kule barabarani watu wakanyamaza, hata watoto.

"Emerson! Mama niko hapa, baba yangu! Emerson!"

Tulisikiliza. Mimi, akina mama, makungwi waliotoka ndani na kusimama na ngoma zao bila kuzigusa. Nami niliomba, nakiri, niliomba kwa nguvu zangu zote ajitokeze nyuma ya mti. Hakuna aliyeitika. Hakuna aliyemwambia Madalena anyamaze.

Aliita mara ya mwisho, kwa sauti ndogo, kama mtu anavyomwita mtoto aje kula. Akangoja kidogo. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya leso, akaninyooshea mkono nimpe kapulana ya manjano.

"Haya," akasema. "Twendeni tukamchukue dada yake."

Akatangulia mbele, na mimi nyakanga nikamfuata nyuma.